Kitufe cha Kileleni

Yule fundi kutoka Dar nilimdharau tangu siku ya kwanza, na kama dharau yenyewe ilikuwa ya haki, sijui mpaka leo. Mimi, mtunza kompyuta wa ofisi, niliishia kidato cha pili. Yeye alikuwa na cheti, na miwani ya jua aliyoivaa utosini hata ndani ya ofisi yetu pale Moshi, kana kwamba nywele ndizo zinazoona.

Mama mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani alimwita atengeneze sidii ya kuonyesha safari ya mlimani kwenye kompyuta. Mgeni anabonyeza kitufe, mlima unatembea kwenye kioo mpaka kituo alichochagua: Mandara, Horombo, Kibo, kileleni. Kuchora alijua, hilo siwezi kumnyima. Mawingu yake yalikuwa mawingu kweli.

Ila vitufe vilipotea njia. Bonyeza Horombo, unatua Mandara. Bonyeza Kibo, uko Horombo. Kileleni hakufiki mtu. Mzee mmoja wa Marangu, mwongoza wageni wetu wa siku nyingi, alijaribu mara tatu, akacheka hadi akakohoa.

"Hii sidii imeshikwa na ugonjwa wa mlima," alisema. "Ishusheni haraka, itawafia."

Fundi hakucheka. "Hivyo ni virusi, dogo," akaniambia, mimi niliyemzidi umri. "Kompyuta zenu za huku zimejaa virusi." Akafuta kila kitu, akapakia upya. Kileleni, wapi!

Mama akasema mawakala wa utalii wanakuja Jumamosi kuitazama. Isipokwenda, kazi zote za kompyuta atazipeleka Arusha, na mimi nirudi kwetu Rombo.

Ijumaa, Mama na fundi walipokwenda kula, niliifungua kazi yake. Picha zilipangwa kwenye mstari mrefu, kila moja na namba yake, na nyuma ya kila kitufe kuna amri: nenda picha namba fulani, simama hapo. Namba tupu! Hakuna kituo hata kimoja alichokipa jina. Ukichomeka picha mpya mwanzoni, zote zinasogea, lakini amri inabaki kuelekeza pale pa zamani. Mtu mwenye cheti!

Hapo nikazitazama picha za mwanzoni. Picha mpya zilikuwepo. Mama alikuwa amesema kwetu mgeni hapandi mlima kabla hajaingia uani akaonja mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa hiyo picha za migomba na kibuyu zitangulie. Aliyezichomeka ni mimi, fundi akiwa Dar.

Nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria sana, siwezi kudanganya. Nikavipa vituo majina, nikarekebisha amri zote, mlima ukapandika. Waliporudi nikasema, "Mama, namba ni ujinga wake. Lakini picha nilichomeka mimi, sikumwambia."

"Si nilisema?" fundi akadakia. "Virusi ndiye huyu!"

Mama alisogea kwenye kompyuta. Alibonyeza kileleni, akafika. Akabonyeza tena, akafika.

"Jumatatu usichelewe," akaniambia.

Baadaye fundi alinivuta pembeni, akaniomba kwa sauti ya chini nimwandikie nilivyofanya. Nilimwandikia kwa herufi kubwa, kama za darasa la kwanza. Haikuwa haki. Hata herufi ndogo angeweza kuzisoma.