Vitambaa vya Jirani

Baba yangu alifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi pale Huruma, Eldoret, na kila mwaka kulikuwa na somo moja ambalo hangelikosa hata akiwa na malaria. Aliandika neno moja ubaoni, cover, akageuka na kutuuliza lina maana gani. Mmoja angesema kifuniko cha sufuria. Mwingine, kava ya kitabu. Hapo Baba alianza kutabasamu, maana alijua tumenasa. Na silabasi je, si huwa tunai-cover? Na mwalimu akiugua, mwenzake akamshikia kipindi? Na askari anayefyatua risasi ili mwenzake apate nafasi ya kukimbia? Hapo kwa askari alichutama nyuma ya meza na chaki mkononi, na mimi, mtoto wa mwalimu niliyekaa dawati la mbele, nilitamani sakafu inimeze. Baba alisema ni neno lenye kazi nyingi kuliko mshahara wake.

Nyumbani Mama alilijua kwa kazi moja tu. Kava zilikuwa vile vitambaa vya kufumwa vinavyotandazwa juu ya makochi, mgongoni na kwenye mikono. Tuliishi chumba kimoja cha kupanga, pazia likitenga kitanda na viti, lakini vitambaa havikukosa. Mama alisema kiti bila kitambaa ni kama mtu aliyetoka bafuni akakuta wageni.

Shida ni kwamba hakujua kufuma. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ndiye aliyejua, na alimfundisha Mama kwa miaka bila mafanikio. Vya Mama vilijikunja pembeni kama chapati ya jana.

"Jirani," yule mama alimwuliza siku moja akikishika kimoja juu, "hii ni ya kiti ama ni ya kufunika ugali?"

Walicheka mpaka Baba akapiga ukuta, anasahihisha vitabu. Waliitana hivyo tu, jirani, kana kwamba katika ploti ile yote hakukuwa na jirani mwingine.

Mwaka ule wa uchaguzi, 2007, jirani alikuwa akifuma seti yake kubwa, nyeupe yenye maua ya maruni, ya viti ambavyo mumewe, fundi wa mbao, alikuwa amemtengenezea. Alifuma akichemsha githeri, akafuma kwenye foleni ya maji. Kazi ya Mama ilikuwa kumshikia uzi. Krismasi ilipofika aliitandaza, akatuita tuje tuone, na sisi watoto tukakatazwa kuegemea. Mama alizunguka kile chumba akigusa kila ua kwa kidole. Nadhani alivionea fahari kuliko mwenyewe.

Matokeo yalipotangazwa, moshi wa nyumba zilizochomwa ulianza kuonekana upande wa chini. Sisi tulitoka upande wa Ziwa, na kwa hesabu za kikabila za siku zile tulikuwa watu wazuri. Jirani alikuwa na jina ambalo ghafla halikutakiwa. Waliondoka asubuhi kwenda kujihifadhi kanisani, yeye na mumewe na watoto, wamevaa nguo juu ya nguo. Mama aliwasindikiza hadi getini, na hapo jirani akamtia ufunguo mkononi.

"Niangalilie nyumba, jirani."

"Nitaiangalia."

Ni neno dogo sana hilo. Mama alilisema kama anavyolisema mtu yeyote ambaye jirani yake anaenda sokoni.

Vijana walifika mchana huohuo. Baba alitoka akasimama mbele ya mlango wa jirani na miwani yake, akawaambia hii ni nyumba ya watu. Aliyekuwa mbele alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na alimjibu bila hata kupandisha sauti. "Mwalimu, ingia ndani. Hapa si class." Baba akaingia ndani. Alikaa kitandani akaangalia mikono yake. Sijawahi kumlaumu, na wala hakuna siku aliyoniruhusu nimwambie hivyo.

Walivunja kufuli kwa nyundo, huku Mama amesimama hapo na ufunguo mkononi. Ilitoka televisheni, ikatoka mitungi, vikatoka vitanda. Walipoanza kuinua viti, Mama aliingia. Nilimwona kupitia dirishani akipita katikati yao akivua vitambaa kimoja kimoja, kiti kingine tayari kikiwa begani mwa mtu, akivirundika kwenye leso aliyoifungua kiunoni. Kulikuwa na picha ukutani. Kulikuwa na sanduku la vyeti vya shule vya watoto. Baadaye alijiuliza kwa miaka mingi kwa nini hakushika hivyo, na jibu lake lilikuwa kwamba mikono ilienda kwa kile ilichokijua.

Alipotoka na lile furushi, ploti nzima ilikuwa imesimama milangoni.

"Hata Mama Mwalimu amepata chake!" kijana mmoja akasema, wakacheka.

Mama alilikaza fundo la leso, akaingia ndani.

Alivifua, vingine vilikuwa na alama za viatu, akavipiga wanga, akaviweka kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Ufunguo aliutia kwenye kikombe juu ya kabati. Alipiga simu ya jirani hadi yule mwanamke wa "mteja hapatikani" akawa kama mtu wa nyumbani. Barabara zilipotulia alienda kwenye uwanja wa maonyesho, walikokuwa wamewekwa waliofukuzwa, akatembea hema kwa hema akiuliza. Aliambiwa wamechukuliwa na ndugu zao. Ndugu wa wapi, hakuna aliyejua.

Shule zilipofunguliwa Baba aliendelea kufundisha, lakini alipolifikia neno lake alisema, "Hilo mnalijua," akafungua ukurasa mwingine.

Miaka ilienda. Mwanamke mmoja wa chama chao cha akina mama alimwomba Mama amwuzie ile seti, kwa kuwa haikuwa ikitumika. Mama alimwambia ina mwenyewe. Yule mwanamke alimtazama kwa macho ya kuelewana, na hayo macho yalimchoma Mama kuliko tusi. Kuanzia hapo alitamani kitu kimoja tu duniani, jirani arudi achukue vitambaa vyake kutoka mkononi mwake, watu wakiona.

Nami nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, niko nyumbani nangojea kazi, Jumamosi moja Mama aliposikia harufu ya panya kwenye lile sanduku. Walikuwa wametafuna pembe ya kitambaa kimoja. Alivifua vyote kwa hofu, akavipiga wanga upya. Kitambaa cha kufumwa kikiwa na wanga hakianikwi ovyo, hutandazwa mahali kitakapokaa kikaukie hapo, la sivyo hupinda. Na nje ilikuwa inanyesha. Kwa mara ya kwanza vikatandazwa juu ya viti vyetu, na vilipendeza, kusema kweli. Mama alirudi nyuma akavitazama.

Ndipo mlango ukabishwa, akaingia jirani.

Alikuwa amezeeka usoni, amevaa jaketi zito la kiume, na amebeba gunia la viazi. Alikuwa Timboroa, alisema, wanalima huko, ameteremka mjini kwa shughuli zake akaona hawezi kupita bila kutusalimia. Walishikana na Mama wakalia. Kisha akageuka atafute pa kukaa.

Aliviona. Nilimwona akiviona. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye kitambaa cha kiti cha karibu, ukakunja pembe ndani kidogo, hivyo alivyozoea, halafu ukarudi kwenye jaketi. Akaketi ukingoni.

"Kumbe ulijua kufuma, jirani," alisema.

"Ni zako," Mama akasema. "Zote ni zako, nilikuwekea. Ile siku walivunja, nikaingia —"

"Jirani." Aliinua kiganja, kwa upole. "Hayo tuliyaacha. Mimi nilisamehe kila mtu."

"Lakini si mimi! Mimi nilikuwa nakuangalilia!" Mama alikimbilia kabati, akamwaga kile kikombe, akamletea ufunguo.

Jirani aliupindua kwenye kiganja. "Kufuli ilivunjwa?"

"Ilivunjwa."

"Na hizi zikabaki."

"Ni ukweli anasema, mama," Baba akaingilia kutoka kwenye kiti chake. "Nilikuwa hapa."

"Najua, Mwalimu. Najua ulikuwa hapa."

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeona kila kitu kwa dirisha, na nilisema, nikaeleza yote, na jirani alinisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kama unavyomsikiliza mtoto anayemtetea mama yake. Kila tulichoongeza kilizidi kufanana na uongo. Alikunywa chai yake yote, akasifu sukari, akauliza habari za ndugu zangu.

Alipoaga, Mama alivivua vitambaa vikiwa vibichi, akavisokota kwenye mfuko, akamfuata getini kwenye matope, watu wa ploti wakitazama kutoka vibarazani.

"Kaa nazo, jirani," yule mama alisema, akamkumbatia. "Kwangu viti ni vya plastiki."

Akaenda. Mama alirudi na mfuko wake, akavitandaza kitandani vikaukie hapo, na vilikauka vimepinda. Viko kwenye lile sanduku hadi leo. Tangu siku hiyo hajataka kitambaa kingine chochote kwenye viti vyake, na wageni wakija huketi kwenye makochi matupu, wakidhani vitambaa vimefuliwa.