Samansi ya Lori Lililozama Kamanga

Wenye malori wenzangu, nabandika hili ukutani hapa hotelini, maana mdomo umekataa kulisema.

Leo asubuhi nimeletewa samansi. Eti juzi lori langu limekamatwa Usagara, leseni yake imekwisha muda.

Lori lipi? Mnajua nilikuwa na moja tu.

Ni lile lililoteleza kwenye pantoni ya Kamanga miezi michache kabla ya Uhuru, likazama na dereva wangu, Masanja. Ziwa halikumrudisha. Tukazika koti lake badala yake, kule kwao Bujora.

Nikaenda polisi nimefura.

“Afande, umekosea namba.”

“Sijakosea, mzee. Dereva mwenyewe alinipa leseni. Mtu mpole sana. Ila karatasi ilikuwa na udongo.”

Jamani, udongo!

Leseni ile ya lori niliitia mimi, kwa mkono wangu huu, kwenye mfuko wa lile koti kabla hatujalifukia. Sikutaka kuiona tena nyumbani. Sikumwambia mtu, hata mjane wake.

Nikauliza polepole, “Alisema chochote?”

“Alisema alikukumbusha breki hazishiki, ukamwambia avuke tu. Mengine atamwambia hakimu.”

Ni kweli alinikumbusha. Tulikuwa wawili tu.

Shauri ni Jumatatu asubuhi. Atakayenisindikiza aandike jina hapa chini, nawaomba sana.

Masanja ameshamwahidi afande kwamba atafika.