Niliinua Kioo Kilichotenganisha Samaki wa Mume Wangu

Waheshimiwa mliokusanyika katika ukurasa huu, kwanza namshukuru msimamizi kwa kukubali kulificha jina langu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu mwenye stashahada niliyoipatia Nairobi, mama wa binti mmoja, mkazi wa Hai Malakal hapa Juba. Watu wangu ni wakulima. Wa mume wangu ni wafugaji. Makabila yetu sitayataja, kwa kuwa msimu huu kutaja kabila si jambo dogo. Tulikutana ukimbizini Kenya, Kiswahili kikatuunganisha, na bendera ya nchi yetu mpya ilipopandishwa tukarudi nyumbani. Yeye akapata kazi ya kupakua mizigo uwanja wa ndege.

Kwao, kijana hupewa fahali. Hujiita kwa rangi ya fahali huyo, humwimbia, na hunyoosha mikono juu mfano wa pembe zake. Mume wangu alikulia kambini, ambako mfugo wake pekee ulikuwa kuku, tena wa jirani. Katika karamu ya kutukaribisha, baba yake mdogo alimwuliza mbele ya ukoo mzima: "Na wewe, kijana wa kambi, tukuite nani?" Watu walicheka. Mtu mwenye akili angecheka nao, yakaisha. Mume wangu alinyamaza miaka miwili, kisha akaja nyumbani na samaki.

Naam, samaki. Mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao alimwachia pale uwanjani tangi la kioo, dume mmoja mwekundu wa aina ile inayopigana, majike watatu, na karatasi ya maelezo. Fahali huyo hakuzidi kidole changu cha kati. Karatasi nilimtafsiria neno kwa neno: dume na jike watenganishwe kwa kioo hadi wazoeane, jike aondolewe mara tu amalizapo kutaga, madume wachanga wakianza kupata rangi, kila mmoja awekwe katika chupa yake. Alinisikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma.

"Mwalimu," akaniambia, "watu wangu wamefuga tangu dunia iumbwe. Nyinyi ni watu wa mihogo."

Basi akawafuga kama ng'ombe. Alimwachia dume majike wote watatu, kama fahali zizini, na baada ya siku mbili wawili walikuwa wakielea, mapezi yamechanika. Alisema walikuwa wa ukoo dhaifu. Wa tatu alitaga, na akanusurika kwa sababu nilimtoa kwa chujio la chai wakati mfugaji wetu yuko kazini. Mayai yakaanguliwa, na yule dume akawalinda watoto bila kula, na nakiri kwamba katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa baba bora.

Mume wangu akajitangaza kuwa sasa ana jina: Mwekundu wa Majini. Alimwalika baba yake mdogo pamoja na wazee wawili, akasimama mbele ya tangi sebuleni, akanyoosha mikono yake mirefu hadi ikagusa mabati, akaimba. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Wazee walimtazama samaki, wakatazamana wao kwa wao, kisha baba mdogo akauliza kwa adabu kubwa anatosha watu wangapi.

Desemba risasi zikaanza. Siku tatu hatukutoka ndani. Gari la maji halikuja, na tulikuwa na jerikeni moja tu. Siku ya pili nilimkuta akimimina nusu ya jerikeni ile ndani ya tangi, na binti yetu alikuwa ameomba maji mara mbili asubuhi hiyo.

"Hawa hawawezi kusema wana kiu," akanijibu.

Sikumchukia. Chuki tunamwekea mtu tunayemhesabu kuwa sawa nasi.

Mitaani kukatulia kidogo, lakini wanaume wawili wa mtaa wetu walichukuliwa na wenye bunduki na hawajarudi. Dada yangu wa Nairobi akatupatia nafasi tatu katika ndege ya Jumamosi hii. Mume wangu akakataa. Madume wachanga walikuwa wameanza kupata rangi, na aliwaacha pamoja ili wapigane hadi fahali ajulikane, huku mzee wao akiwa upande wa pili wa kile kioo cha kutenganishia, asiwamalize. Akaniuliza, akiondoka yeye, nani atabaki na zizi. Aliuliza swali hilo, waheshimiwa, bila kutabasamu.

Jumatano mchana, akiwa kazini, nilikiinua kile kioo. Nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi kukirudisha, wachanga wengi walikuwa wamekufa, na mzee wao alikuwa amelala ubavu bila mkia.

Mume wangu aliporejea alilitazama tangi, kisha akakisia mwenyewe. "Aliruka, Mwalimu. Aliruka juu ya kioo. Fahali wa kweli huwezi kumfungia." Alisema hayo kwa fahari, halafu akakaa sakafuni akalia. "Khalas, yamekwisha. Sina jina tena. Twende Nairobi. Wewe peke yako hukunicheka."

Sikumcheka kwa sauti, na hiyo ndiyo tofauti yangu na wengine. Kile kioo nilikiinua kwa dharau, nikaiita dharau hiyo busara.

Sasa anafunga mizigo. Jana nilimsikia akimfundisha binti yetu wimbo mpya, wa fahali mwekundu aliyeruka ukuta wa kioo, na mtoto alikuwa amenyoosha mikono yake midogo juu. Nikisema kweli kabla ya Jumamosi, namjua mtu huyu: atabaki Juba kwa hasira, na wanaume wanaobaki mnajua yanayowapata. Nikinyamaza, binti yangu atakua akiuimba uongo wangu, na baba yake atanishukuru kila anapousikia.

Ninyi mlio mbali na nyumba hii, nishaurini: nimwambie hapa, nimwambie tukifika Nairobi, au niujifunze wimbo?