Nilihesabu salamu nikidhani nahesabu wateja: nilivyosoma soko la Ikungi kabla ya kufungua duka

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Naandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka langu hapa Ikungi, wateja wamepungua kidogo. Sitaongeza chumvi. Humu ndani kuna watu wa Ikungi, nikidanganya watanisuta kwenye komenti ya kwanza tu.

Naona nyuzi nyingi za "nina mtaji, nifungue biashara gani". Majibu ni yale yale, fanya research. Hakuna anayesema hiyo research inafanywaje. Mimi niliifanya, nikaikosea vibaya, nikaifanya tena.

Miaka kadhaa nilikuwa Dodoma nauza kwenye duka la mtu. Nikachoka kuuza vya watu, nikarudi nyumbani Mungaa na wazo la kufungua duka Ikungi. Makao makuu ya wilaya, barabara kuu inapita, ofisi zipo, mnada upo. Kasoro ilikuwa mtaji.

Mama akasema atauza ng'ombe wake wawili wa maziwa, abaki na ndama.

Sasa kwetu suala la ng'ombe haliamuliwi na mtu mmoja. Akaitwa bamdogo, mdogo wake marehemu baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwangalia mama, akaniangalia mimi.

"Sawa, wauzwe. Ila mvua za kupandia zikikuta hilo duka limekufa, huyu anarudi hapa anashika jembe. Na zizi lisiguswe tena."

Nikakubali. Moyoni nilikuwa naogopa, wakuu. Wale ng'ombe wawili ndio mama alikuwa anawasifia kwa kila mgeni, na siku wanapelekwa mnadani hakutoka nje kuwaangalia.

Basi nikaingia kazini. Pale Ikungi kuna mstari wa maduka tisa, na mkabala wake kuna fundi baiskeli anaitwa Hango. Nikamwomba nikae kwenye benchi lake. Daftari mkononi, kila mtu akitoka kwenye duka lolote nachora kijiti.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni muundo wa soko lenyewe. Maduka yote tisa yanauza sukari, chumvi, sabuni, majani ya chai, viberiti. Wote wanachukua mzigo kwa tajiri mmoja wa jumla Singida mjini. Bei moja. Duka kubwa ni la Mama Salma, na yeye akipandisha sukari asubuhi, mpaka jioni wenzake wote wamepandisha. Kwa hiyo lile lilikuwa duka moja lenye milango tisa.

Nikampigia bamdogo kumweleza. Akanijibu kama wanavyojibu wengi humu, "Wewe shusha bei, watakuja."

Nikajiuliza, nikishusha na Mama Salma akashusha, nani ataanza kulia? Yeye ana stoo imejaa mpaka darini. Mimi nina ng'ombe wawili, na wenyewe wameshauzwa.

Lakini vijiti kwenye daftari vilikuwa vinanidanganya. Vilikuwa vingi mno. Siku ya mnada nilijaza kurasa nne kabla ya saa sita mchana. Nikasema hata nikipata sehemu ya kumi ya hawa watu, nimetoka. Chumba cha kumi kwenye mstari ule kilikuwa wazi, na mwenye nyumba alikuwa ameshanionyesha ufunguo. Nilibakiza kulipa tu.

Ndipo Hango, akiwa anaziba pancha na wala hajainua kichwa, akaniuliza, "Kaka, yule mama wa kitenge cha njano umemwandika mara ngapi?"

Nikafikiri. Nilimchorea kijiti kila mlango aliotoka. "Mara tano."

"Na hao wateja wako watano wamenunua nini?"

Nikamtazama yule mama. Alikuwa na dumu lake la mafuta ya alizeti tu, lile lile alilokuja nalo.

Wakuu, niliona aibu. Mimi mtoto wa huku huku nilisahau desturi ya kwetu. Huku hupiti mlangoni kwa mtu unayemfahamu bila kuingia kumsalimia. Na salamu si ya juu juu, utaulizwa nyumbani, utaulizwa mifugo, utaulizwa kama kwenu mvua imenyesha. Nusu ya vijiti vyangu vilikuwa watu waliopita kusalimia. Nilikuwa nataka kulipa kodi ya chumba kwa ajili ya salamu.

Ila yule mama alinisumbua akilini. Mtu hasalimii maduka matano mfululizo na jua lile. Nikamfuata mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Ikabidi nieleze kwanza mimi ni wa nani, na babu yangu ni nani, ndipo mazungumzo yakaenda. Alikuwa ametoka Issuna kuja kukamua alizeti zake hapa Ikungi.

"Natafuta mfuniko, mwanangu. Huu wangu ulipotea. Mafuta ni mazuri, lakini abiria wa basi akiona gunzi hanunui, anasema machafu."

Nikaangalia dumu lake. Mdomoni lilikuwa limezibwa kwa gunzi la mahindi lililoviringishiwa nailoni.

Nikageuka nyuma kuangalia barabara. Akina mama kama saba wamepanga madumu yao wakisubiri mabasi. Magunzi matupu. Nimekulia nyumba yenye dumu lililozibwa kwa gunzi, na sikuwahi hata siku moja kuona kwamba pale kuna kitu kinakosekana.

Nikarudi kwa Hango, nikachana zile kurasa zote, nikaanza upya. Safari hii mtu akitoka dukani mikono mitupu namfuata, nasalimia kama inavyotakiwa, namuuliza alitaka nini. Aliyenunua simwandiki. Aliyesalimia simwandiki. Nilikuwa naandika waliokosa tu.

Wiki tatu. Hango akawa ananiita mkusanya kodi.

Majibu yalijirudia mpaka nikayakariri. Mfuniko wa dumu. Faneli ya kumiminia mafuta. Kitambaa cha kuchujia mafuta. Dumu tupu safi lisilonuka mafuta ya taa.

Nikawa najiuliza, kama vitu hivi vinatakiwa hivi, kwa nini maduka tisa hayana? Jibu nilikuwa nimeshaliandika siku ya kwanza bila kulielewa. Wote wanachukua mzigo kwa tajiri mmoja, na asichokuwa nacho yeye, Ikungi nzima haina. Ule ufanano ulionitisha ndio ulioniachia nafasi.

Nikapanda basi kwenda Dodoma na midomo mitano ya madumu niliyoikata kwa kisu, maana mifuniko inafanana kwa macho lakini mingine haikazi. Muuza plastiki alicheka sana. "Mifuniko mitupu? Madumu yake umeyapeleka wapi?" Ila alikuwa mfanyabiashara, akaniagizia. Nilipokea magunia mawili.

Chumba sikuchukua cha kumi. Nilichukua kibanda kule nyuma, karibu na mashine ya kukamua alizeti, mahali ambapo akina mama wanasubiri foleni masaa. Kodi ilikuwa ndogo kwa sababu kila mtu aliamini kule hakuna biashara. Walinicheka, nakiri. Nikapewa jina, Bwana Mifuniko. Habari zikamfikia bamdogo Mungaa kwamba pesa ya ng'ombe kijana kanunulia mifuniko. Mama aliniambia kwamba bamdogo alitoka tu kwenda kulikagua jembe.

Mnada wa kwanza nilifungua alfajiri. Wa kwanza kufika alikuwa yule mama wa Issuna, safari hii na wenzake wanne. Akafunga mfuniko, akaligeuza dumu juu chini mbele ya watu wote, halikuvuja hata tone. Baada ya hapo sikukaa. Kufika saa nane mchana gunia moja lilikuwa tupu, na miguuni kwangu kulikuwa na rundo la magunzi wateja waliyotupa. Nilicheka peke yangu kama chizi. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa mshahara wowote.

Mifuniko ikaleta faneli, faneli zikaleta vitambaa, vitambaa vikaleta madumu mapya. Barabarani abiria wakaanza kununua dumu zima bila kulinusa kwanza.

Siku moja nikamwona Mama Salma anakuja. Nikajiandaa kwa shari.

"Mwanangu, nilijua umekuja kunitia mchanga kwenye kitumbua. Kumbe sukari huuzi?"

"Siuzi mama. Anayetaka sukari namwelekeza kwako."

Tangu hapo akiulizwa mfuniko ananyoosha mkono kuelekea kwangu. Mshindani niliyemwogopa kuliko wote ndiye anayenitangazia biashara, na simlipi.

Mvua za kupandia zikanyesha. Duka liko wazi, rafu zimejaa.

Wiki hiyo hiyo bamdogo akatokea. Nikasimama, nikamwamkia, nikampa kiti. Hakukaa. Akazunguka kibanda chote kwa macho, kisha akaweka dumu la lita ishirini juu ya meza. Limezibwa kwa gunzi.

"Nitafutie wa kuenea hili."

Nikalichomoa gunzi, nikaukaza mfuniko. Akalitikisa, akalilaza, akangoja. Halikuvuja.

"Mama yako anasema unataka kumnunulia mtamba. Twende mnadani pamoja. Wewe ng'ombe hujui, watakupa mgonjwa."

Yule mtamba sasa hivi yuko Mungaa, na mama ameshaanza kumsifia kwa wageni.

Nilichojifunza, wakuu. Ukienda kusoma soko usihesabu watu wanaoingia, hasa kama unatoka sehemu zenye salamu ndefu kama kwetu. Jua bidhaa za washindani wako zinatoka wapi, maana hapo ndipo utajua wanachokosa wote kwa pamoja. Halafu simama pale mtu anapotokea mikono mitupu, umuulize kwa adabu.

Lile gunzi la bamdogo nimeliweka rafu ya juu, katikati ya mifuniko. Wateja huwa wanauliza bei yake, nawaambia lile haliuzwi.

Karibuni mnikosoe, mniulize, na waliofeli waseme walifelia wapi. Ila kabla hujaniuliza ufungue biashara gani, nenda kwanza jikoni kwenu ukaangalie dumu limezibwa na nini.