Ndama Mwenye Tundu Moyoni

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Nyasho aliniita nikamtazamie mtoto wa mbuzi aliyezaliwa alfajiri. Niliweka kiganja kifuani, nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, nikamwambia huyu mzima. Akauliza nimejifunzia wapi. Sikumjibu sawasawa, maana kwangu kuongea ni kazi. Wewe nitakueleza polepole.

Ilikuwa kijijini Mugeta, kwa bibi mzaa mama. Mama alikuwa amelazwa Musoma muda mrefu, mimi na mdogo wangu mchanga tukapelekwa kwa bibi. Kilikuwa kiangazi. Aliyekuwa akikamuliwa ni ng'ombe mmoja tu, mwekundu, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu. Bibi aliyachemsha na maji, nyumba nzima ikanukia moshi wa kibuyu kilichofukizwa.

Ng'ombe wa kienyeji ana masharti yake. Hashushi maziwa mpaka ndama wake anyonye kwanza. Ndama akifa, maziwa yanaondoka naye.

Na ndama yule alizaliwa mgonjwa. Akinyonya kidogo anaacha, anahema, fizi zinakuwa za bluu.

"Mama, tumchinje huyu angali na nyama," mjomba alimwambia bibi.

"Mchinje. Halafu kesho umkamue mama yake wewe, ukimwimbia."

Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akatia kipimo masikioni, akasikiliza kwa muda.

"Bibi, moyo una tundu. Kazaliwa nalo."

"Dawa?"

"Binadamu wanapasuliwaga. Ng'ombe, huku kwetu, hapana."

Mjomba akataka kumchoma kifuani kwa chuma cha moto, kama wafugaji wengine walivyofanya. Bwana mifugo akamwambia chuma hakizibi tundu, kitamwongezea maumivu tu.

"Basi nieleze namna ya kuishi naye," bibi alisema.

Akaeleza: asikimbizwe, asivutwe kamba, akae kivulini, anyonye kidogo kidogo mara nyingi. Kazi hiyo nikapewa mimi. Nilimbeba kutoka kivulini hadi kwa mama yake, nikamrudisha. Kiganja changu kilikaa palepale kifuani, nikasikia mvumo, kama nyuki ndani ya chupa. Jirani wa bibi, mama mmoja mcheshi, alikuwa akipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua: "Binti, mchumba wako leo kaamkaje?" Mimi nilificha uso shingoni mwa ndama.

Mdogo wangu akanenepa. Ndama hakukua sana, lakini kila asubuhi tulimkuta hai, na maziwa yakashuka.

Mvua zilipoanza tulimkuta amelala, shingo imenyooka, hahemi tena. Mama alikuwa bado hospitalini. Bibi alimchuna mwenyewe, akaijaza ngozi majani makavu, akaishona, akaipaka chumvi mgongoni.

"Mbebe kama ulivyokuwa unambeba," akaniambia.

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi sana. Nikamsimamisha mbele ya mama yake, bibi akachuchumaa na kibuyu. Ng'ombe alinusa. Akanusa tena, akasimama kimya mpaka nikachoka mikono. Kisha akaanza kulamba ile chumvi, nami nikasikia maziwa yanagonga kibuyu. Jirani alikuwa ameegemea ua. Siku hiyo hakutania.

"Umemdanganya, mama," mjomba alisema.

"Hajadanganyika. Anajua kwamba si yeye," bibi akajibu bila kuinua kichwa. "Ila ameona nasi tuna mtoto."

Bibi hayupo tena. Zizi limelimwa mahindi, na mjomba ananunua maziwa ya pakiti Bunda mjini. Sijaona tena mtu akishona ndama wa majani, na vijana nikiwasimulia wanadhani natunga. Mama alipona, akaturudisha Musoma. Mdogo wangu sasa ni mrefu kunizidi, na maziwa hayapendi.