Meno ya Chewa

Mjukuu wangu aliniletea zulia dogo la usumba, nyuzi za nazi, la kufutia miguu. Lilipolowa mvua, harufu ikapanda; nililishika kwa vidole viwili nikalitupa nje ya ua. Watoto wanaosoma hadithi zangu za misitu na visiwa hudhani nilikulia kwenye raha ya upepo wa bahari. Jamani, bahari yangu mimi ilinuka.

Tulikuwa Kiuyu, Waingereza hawajaondoka. Baba alikufa, mama akamfuata, nami mkubwa nikaacha shule darasa la nne nikabaki na wadogo zangu, Khamisi na Asha. Tulirithi kazi ya mama: makumbi ya nazi. Hufukiwa kwenye tope la pwani miezi mingi mpaka yaoze, ndipo yafukuliwe na kupigwa, upatikane usumba wa kusokota kamba. Ukifungua shimo hutoka harufu ya mayai viza na choo kilichofurika. Tope jeusi, lenye utelezi wa makamasi, huingia ndani ya kucha. Jioni unakula muhogo na vidole vinakurudishia uvundo mdomoni. Nilikuwa nikienda nyuma ya mikoko kutapika, wasinione.

"Sitii mkono wangu humo mie," alisema Khamisi. "Hata paka hatii."

Nikawaambia kuna kijana kamezwa na chewa, samaki mkubwa kuliko mtumbwi, na kila kumbi ni jino lake. Hadithi haiendi mbele mpaka jino ling'oke. Wakang'oa wamekunja nyuso, nami nikabuni nimebana pumzi.

Siku moja akatujia pale shimoni shangazi yetu, Bi Mize wa Wingwi, kanga kaibana puani.

"Eh! Nyie watoto au mizoga? Mwanuka mpaka njiani! Asha ntakwenda naye leo. Khamisi atakaa kwa ami yake. Nawe utaolewa."

Alikuwa keshamshika Asha mkono. Nilisimama na tope hadi magotini. "Hatugawiki, shangazi," nikasema.

Asha akajichomoa, akakaa kitako katikati ya uchafu ule.

"Siendi. Bado sijajua kijana katokaje."

"Katoka wapi?" shangazi akauliza.

"Tumboni mwa chewa."

Shangazi akamwinua kwa nguvu. Asha akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Kanga mpya ikapakaa tope kifuani. Bi Mize aliitazama, akatema mate.

"Kaeni na uvundo wenu!" Akaondoka bila hata kunywa maji.

Nilijivuna miaka mingi kwamba hadithi yangu ya kwanza ndiyo iliyotuokoa. Ndiyo iliyonitia moyo kuandika. Hivi karibuni, tukichambua mchele na Asha, naye sasa ni bibi, nikamkumbusha. Akacheka hadi akaweka ungo chini.

"Dada, chewa yule alinichefua. Na mwisho wake niliujua tangu siku ya kwanza. Wewe huwezi kumuua mtu, hata wa hadithini. Nilitaka kukaa nawe tu, na sikuwa na neno jingine la kumwambia shangazi."

Kumbe siku ile si mimi niliyemshika Asha kwa hadithi; yeye ndiye aliyenishika mimi.