Majirani Ambao Hawakutoka

Kwa miaka mingi nimeandika safu ya filamu katika gazeti moja la wiki, nikiwa nyumbani kwangu Bariadi, kwenye meza ileile niliyosahihishia madaftari kabla ya kustaafu ualimu. Filamu za Kimarekani zenye magari yanayolipuka nawaachia vijana. Mimi napenda za Korea, za Irani, za Brazili, na hizi za kwetu zinazopigwa kwa kamera ya kuazima. Na humo ndani, nasema wazi, napenda kuona mtu anavyopigwa, kwa sababu mwongozaji mwongo utamjua kwenye kipigo. Ngumi yake hulia kama mlango uliobamizwa na upepo, mtu huanguka, huinuka, hufuta damu mdomoni na kuendelea na hotuba. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe na nimeona fimbo ikitua kichwani. Aliyepigwa haendelei na hotuba.

Mke wangu alizoea kupita na chai, akaniona nimeinamia karatasi, akauliza nimeua wangapi wiki hiyo.

Mwaka juzi nililetewa fleshi kutoka Ipililo. Binti mmoja wa hukohuko alikuwa ametengeneza filamu ya saa moja na kidogo, bila mfadhili, na waigizaji wake ni wakulima wenzake wa pamba. Hadithi yenyewe ni ya bibi mjane. Mtoto wa shemeji yake anakufa, mganga anamtaja bibi kuwa mchawi, na wanaume wawili wanamjia na mapanga mchana kweupe. Bibi anapiga yowe. Hapo kamera inamwacha na kwenda kwa majirani. Mmoja anapukuchua mahindi, anasita. Mwingine anafunga dume kwenye mti. Wa tatu anarudishia mlango. Yowe linakatika, na mahindi yanaendelea kupukuchuliwa. Panga hatulioni likitua hata mara moja.

Nilimsifu mjane aliyeigiza bibi, maana alikuwa na uso usiojua kudanganya. Mwisho wa filamu niliuchinja. Niliandika kwamba mwongozaji huyu hawajui watu wake. Kwetu Usukumani ukipigwa mwano, lile yowe la hatari, kila mwanamume hutoka na fimbo, na asiyetoka hutozwa ng'ombe. Majirani wale, niliandika, wametolewa kwenye filamu za Ulaya, ambako mtu hufia ghorofani na wa mlango wa pili hana habari.

Niliandika kwa uhakika kwa sababu nikiwa kijana niliwahi kuitikia mwano. Tulikimbia porini kundi zima tukamkuta mwizi wa ng'ombe tayari yuko chini, jicho moja limetoka, na wazee wa watu wanampokezana kwa marungu. Alikuwa akimwita mama yake. Nilirusha jiwe moja likampata mbavuni. Alipokufa tulirudi tukiimba, na kwa miaka yote nililitunza jambo lile moyoni kama ushahidi kwamba watu wetu hutoka.

Gazeti lilipotoka, binti alinipigia simu. Nilijiandaa kwa matusi, lakini alinipa shikamoo kwa upole na kusema anakwenda kuionyesha filamu nyumbani Ipililo, Jumamosi mchana, ndani ya ghala la pamba. Shida ilikuwa mtu mmoja wa kijijini aliyekuwa na kaka gerezani kwa kesi ya mauaji ya namna hiyohiyo. Alikuwa ameapa kwamba siku filamu ile itakapoonyeshwa pale, atamvunja binti. Mwenyekiti wa kijiji aliambiwa, akajibu wayamalize wenyewe.

"Watu wanakuheshimu, baba," binti alisema. "Ukiwa umesimama mlangoni, hatathubutu."

"Nitakuwepo," nikamjibu. "Na nitasimama mlangoni."

Nilisimama kweli. Madirisha yalizibwa kwa maturubai, ndani kukawa na joto na harufu ya mbegu za pamba. Projekta waliiweka nyuma, hatua tatu kutoka nilipokuwa, na binti akakaa pembeni yake. Mjane mwigizaji alikuwa mbele kabisa, kwenye mkeka chini ya shuka jeupe, akijicheka kila alipojiona. Mimi nilikuwa na kijitabu changu na kalamu.

Bibi wa kwenye filamu alipokaribia kufuatwa na wale wenye mapanga, yule mtu aliingia. Aliingia kupitia mlango wangu, na fimbo ya kuchungia mkononi.

"Mwadila, bhabha," akanisalimu kwa adabu.

Nikaitikia. Naona aibu kuandika hili, lakini niliitikia salamu na kuvuta mguu wangu ili apite.

Pigo la kwanza lilivunja projekta. La pili lilimpata binti begani, la tatu sikioni, na sikio likafunguka. Pigo halikulia kama mlango. Lililia kama gunia linalodondoshwa, kisha damu ikamshuka shingoni na kuingia kwenye blauzi, naye akawa anatafuta kitu sakafuni kwa vidole, sijui kitu gani. Mjane akapiga mwano. Ulikuwa uleule niliousikia kwenye filamu, ila sasa ulinitoboa. Ghala lilijaa wanaume wenye misuli, na hakuna aliyeondoka alipo. Mmoja aliinama kumshika mwanawe. Mwingine alikuwa akilitazama shuka, ambalo halikuwa na picha tena. Mimi nilikuwa bado nimeshika kalamu. Nilijua kabisa kwamba ilinipasa niitupe niende, na miguu haikwenda.

Mjane aliinuka kutoka kwenye mkeka, akapita katikati ya watu akiwasukuma mabega, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha binti. Fimbo ikatua kwenye mkono ule. Mfupa tuliusikia sote. Yule mtu akapiga tena palepale, akasimama akihema, kisha akatoka kwa mlango aliouingilia, safari hii bila salamu.

Alipokwisha kutoka ndipo wanaume walipopata fimbo na sauti. Wakamfukuza mashambani, nami nikatoka nikipiga kelele kuwazidi. Walimkamatia kwenye mabua ya mtama na kumpiga mpaka taya likahama. Sikurusha jiwe, lakini sikusema wamwache. Polisi walimchukua akiwa hai kwa shida. Nilisimama pale nikielewa, kwa kuchelewa, kwamba hata wakati ule wa ujana sikuwa nimetoka kumwokoa mtu. Nilitoka kwenda kumpiga aliyekwisha kuanguka.

Wiki ile niliandika safu mpya. Nilikiri kwamba majirani wa filamu ile ni wa kweli kuliko wote niliowahi kuwaona kwenye skrini, na kwamba mwano ulipigwa mbele ya watu wengi na watu hao wakasimama. Niliipeleka hospitalini Maswa kabla ya kuituma kwa mhariri, nikawasomea wote wawili. Binti, kichwa kimefungwa bendeji, alinigeuzia sikio zima akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ni nzuri, asante baba. Mimi nikaanza kujisikia nafuu, na nafuu ile ndiyo inayonikera zaidi nikiikumbuka leo.

Mjane alikuwa kitanda cha pili, mkono ndani ya plasta.

"Umewaandika watu waliosimama," akasema. "Wewe bhabha ulikuwa wapi?"

"Mlangoni, mayu," nikamjibu, nikimwita mama.

Alitazama dari, kama mtu anayepima urefu wa ghala lile.

"Mimi nilitoka mbele kabisa, na magoti yangu haya mabovu," akasema. "Nilipiga yowe, nikainuka, na njia nzima nilidhani nitakukuta umeshafika."